Wali, Mchele na Mpunga: Sherehe ya Filamu Tatu

Neno sherehe lina maana mbili katika Kiswahili. Maana ya kwanza yajulikana na kila mtu: ni furaha ya watu waliokusanyika wakala, wakanywa na wakaimba. Maana ya pili yajulikana zaidi na wasomaji wa tenzi na vitabu vya zamani: ni maelezo ya maneno magumu, yawekwayo pembeni au mwishoni mwa kitabu ili msomaji asipotee njiani. Maana hizi mbili hazikutani mara nyingi. Zingepasa kukutana katika desturi moja ambayo sasa imeenea katika miji mingi ya dunia, nayo ni desturi ya kupendekeza filamu isiyojulikana sana, na kando yake kupendekeza chakula cha kuliwa, kinywaji cha kunywewa au muziki wa kusikilizwa jioni ile ile.

Desturi hii huonekana nyepesi, na mara nyingi ni nyepesi kweli. Mwenye kupendekeza hutazama nchi ilikotoka filamu, hukumbuka chakula cha nchi ile kinachojulikana na wageni, kisha huviweka pamoja. Filamu ya Japani hupewa samaki wabichi. Filamu ya India hupewa biriani. Filamu ya Ufaransa hupewa mvinyo na jibini. Hapo chakula hakifafanui kitu chochote. Mtazamaji hushiba, hufurahi, na huondoka akiwa na dhana zile zile alizokuja nazo juu ya nchi ile. Ni sherehe kwa maana ya kwanza tu.

Walakini si haki kuitupa desturi nzima kwa makosa ya wavivu. Filamu, tofauti na kitabu, haina ukingo wa kuandikia maelezo. Maneno yapitayo chini ya picha hukaa sekunde chache, na mfasiri hana nafasi ya kueleza kwa nini mke amekasirika mumewe alipomwaga mchuzi juu ya wali, au kwa nini gunia la mchele laweza kuwa tusi. Chakula kikichaguliwa kwa akili chaweza kuwa ukingo huo unaokosekana. Lakini ili kistahili kazi hiyo, yapasa kipimwe kwa mizani tatu. Kwanza, je, kimetoka ndani ya filamu yenyewe, au kimeokotwa sokoni kwa jina la nchi? Pili, je, kinafafanua jambo ambalo maandishi ya tafsiri yamelipoteza? Tatu, na hii ndiyo mizani iliyo ngumu kuliko zote, je, kinajua wakati wa kunyamaza?

Ili kujaribu mizani hizi, zafaa filamu tatu ambazo hazitazamwi mara nyingi katika Afrika Mashariki, zilizotoka katika nchi tatu zilizo mbalimbali, na zote tatu zimejengwa juu ya nafaka moja. Nazo ni Ochazuke no aji ya Yasujiro Ozu wa Japani (1952), Mandabi ya Ousmane Sembène wa Senegal (1968), na Ashani Sanket ya Satyajit Ray wa Bengali (1973). Wahenga walisema, mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Hapa mapishi ni matatu, na kila pishi lataka meza yake.

Kabla ya kuziendea filamu zenyewe, yapasa kutazamwa jambo la msamiati, maana ndilo msingi wa hoja. Kiingereza kina neno moja mahali ambapo Kiswahili kina matatu. Nafaka ikiwa shambani, au ikiwa bado ndani ya maganda yake, ni mpunga. Ikikobolewa ni mchele. Ikipikwa ni wali. Na bado Kiswahili hakijachoka: vipande vilivyovunjika ni chenga, tabaka lililogandamana chini ya chungu ni ukoko, na kilichobaki kikalala hadi asubuhi ni kiporo. Kijapani nacho hutenganisha: ine ni mmea, kome ni mchele, na gohan ni wali, na tena ni jina la mlo wowote. Kibengali husema dhan, chal na bhat. Kiwolofu hutumia ceeb kwa mchele na kwa chakula kipikwacho kutokana nao, lakini chenyewe kina xooñ, ambao ni ukoko, na walaji huugombania kama ugombaniwavyo Pwani.

Basi mtazamaji wa Dar es Salaam au Mombasa afikiwaye na filamu hizi kwa maandishi ya Kiingereza hupewa neno moja mahali pa maneno matatu ambayo anayo tangu utoto. Hasara hii haitokani na umaskini wa lugha yake. Yatokana na kupitishwa katika lugha iliyo maskini katika jambo hili, kabla ya kufika anakokwenda. Njia ya kutoka Tokyo au Calcutta hadi Zanzibar imezungushwa London, na huko njiani mpunga, mchele na wali vimetiwa katika gunia moja.

Filamu ya kwanza ni filamu ya wali. Ozu ajulikana zaidi kwa Tokyo monogatari ya mwaka 1953, ambayo wahakiki wengi huiweka miongoni mwa filamu bora za karne iliyopita. Ochazuke no aji, iliyotangulia kwa mwaka mmoja, imekaa kivulini mwa ile. Kisa chake ni cha ndoa iliyopoa. Taeko ni binti wa watu wenye mali wa Tokyo. Mumewe Mokichi ni mtu wa mkoa wa Nagano, mwenye mazoea ya shamba. Ndoa yao ilipangwa na wazee. Mume apenda sigara za bei ndogo na behewa la daraja la tatu; mke apenda kwenda na rafiki zake kwenye chemchemi za maji moto na kumdanganya mumewe juu ya safari hizo. Huko wakitazama samaki bwawani, wanawake wale humfananisha samaki mmoja mzito na bwana huyo, na kucheka.

Ugomvi mkubwa hutokea mezani. Mokichi humwaga mchuzi juu ya wali wake na kula kwa sauti, kama alavyo mtu wa kwao. Taeko huona haya na hasira. Kwa mtazamaji anayesoma maandishi chini ya picha, kosa hili ni dogo mno, na hasira ya mke yaonekana kuwa ya kipuuzi. Lakini kwa Taeko kuna wali wa watu wa adabu, ulao ukiwa mweupe bakulini, na kuna wali wa haraka, uliolowanishwa. Mume hakukosea chakula. Ametaja kwa kitendo tabaka alilotoka.

Kisha Mokichi hutumwa na kampuni yake Montevideo, nchi ya Uruguay. Mke hayupo siku ya safari, maana ameondoka nyumbani kwa hasira bila kuaga. Ndege hupata hitilafu na kurudi, na mume hufika nyumbani usiku. Mtumishi amelala. Mume na mke huingia jikoni wenyewe, na mke hajui vyombo viko wapi katika nyumba yake mwenyewe. Hupata wali uliobaki, huchukua mboga zilizovundikwa katika pumba za mchele, hutia chai. Hiyo ndiyo ochazuke: wali uliobaki, umwagiwao chai ya moto. Mke ala jinsi mumewe alavyo, na hapo aelewa.

Filamu hii ina historia inayoeleza uzito wa bakuli lile. Ozu na mwandishi mwenzake Tadao Ikeda walikuwa wameandika kisa hiki kabla ya vita kuu kuenea Pasifiki, na katika andiko lile la kwanza mume alikuwa akienda vitani. Wachunguzi wa serikali walikataa mwaka 1940. Mtu anayekwenda kupigania nchi yake, kwa maoni yao, angepaswa kuliwa naye sekihan, wali mwekundu upikwao pamoja na kunde ndogo nyekundu kwa ajili ya mambo ya heri, wala si kiporo kilichotiwa chai. Andiko likawekwa kando, na filamu haikutengenezwa hadi vita vilipokwisha. Wachunguzi wale walikuwa wasomaji wabaya wa sanaa, lakini walikuwa wasomaji wazuri wa chakula. Waliona kwamba bakuli lile humweka mume nyumbani, kando ya mkewe, mahali ambapo dola haimfikii.

Chakula gani basi kiwekwe kando ya filamu hii? Jibu lipo katika jina lake, lakini lina mtego kwa msemaji wa Kiswahili. Jina likifasiriwa Ladha ya Wali kwa Chai, watazamaji wa Pwani watacheka kabla taa hazijazimwa. Chai kwao ni maziwa, sukari, tangawizi na hiliki, na wali uliomwagiwa kinywaji hicho ni kichekesho. Hapa tafsiri ni sahihi kwa kila neno, na bado imeshindwa. Yafaa basi kila mtazamaji apewe, kabla ya filamu, kikombe kidogo cha chai ya kijani isiyo na sukari. Kikombe hicho ni sherehe ya neno moja. Wali wenyewe uje baada ya filamu, na uwe kiporo hasa, kwa maana wali mpya hauna maana ya jambo lililobaki ambalo halikutupwa. Pembeni yake yatosha matango au figili zilizolazwa katika chumvi usiku kucha. Achari ya embe yafaa iachwe, kwa kuwa pilipili yake itaimeza chai. Na kila mtu ajipakulie mwenyewe jikoni. Akiletewa mezani na mtumishi, ameikosa filamu.

Muziki wa jioni hiyo usitafutwe mbali. Ndani ya filamu yumo mwenye duka la michezo ya bahati, aliyekuwa askari chini ya Mokichi. Mtu huyu hukumbuka siku za Singapore na kuimba wimbo wa enzi zile. Huo ndio muziki pekee unaohitajika, na watosha kumkumbusha mtazamaji kwamba utulivu wa jiko lile umetangulizwa na vita.

Filamu ya pili ni filamu ya mchele. Sembène aliitengeneza Mandabi kutokana na hadithi yake mwenyewe, Le Mandat. Ilipata tuzo huko Venice mwaka 1968, na hutajwa mara nyingi kuwa filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa katika lugha ya Afrika Magharibi. Fedha za Ufaransa zilizoisaidia zilikuja na sharti la Kifaransa, basi ikapigwa kwa lugha mbili, Kifaransa na Kiwolofu. Nakala ya Kiwolofu ndiyo iliyobaki na heshima, na kuanzia hapo Sembène hakurudi nyuma katika jambo la lugha. Jina lenyewe ni somo la isimu. Mandat ni neno la Kifaransa kwa hawala ya posta. Bi ni kiambishi cha Kiwolofu kionyeshacho kwamba kitu chajulikana. Mandabi, kwa hiyo, ni hawala ile iliyoingizwa katika ngeli ya Kiwolofu, kama Kiswahili kilivyokichukua kitabu cha Kiarabu kikakipa wingi wa vitabu. Neno geni limekubali sheria za mwenyeji. Kejeli ya filamu ni kwamba karatasi yenyewe haikubali.

Ibrahima Dieng, mtu mzima asiye na kazi, mwenye wake wawili na watoto wengi, hupelekewa hawala ya faranga 25,000 na mpwa wake Abdou, mfagiaji wa barabara huko Paris. Katika hizo, 2,000 ni zake, 3,000 ni za mamaye Abdou, na 20,000 ni amana. Ili azipokee ahitaji kitambulisho. Ili apate kitambulisho ahitaji cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Na kila dirisha humpeleka dirisha jingine, katika lugha asiyoisoma. Mwisho wake Mbaye, jamaa mwenye suti na motokaa, hupokea fedha hizo kwa niaba yake, kisha husema ameibiwa, na kumpa mchele. Kiswahili kina usemi uliolala tayari kwa tukio hili: Mbaye amekula fedha, na Dieng ameambulia wali.

Lakini mchele umeingia katika filamu mapema zaidi. Wake wa Dieng, Méty na Aram, wakisha kupata habari za hawala, huenda dukani kwa Mbarka na kuchukua chakula kwa mkopo. Dieng hurudi nyumbani, hula mlo mkubwa, hushiba hata kucheua, wala hajui chakula kimetoka wapi. Wakati huo bado hajapata hata senti moja, na tayari deni limo tumboni. Uchumi mzima wa filamu umo katika mlo huo: shibe ya leo imelipwa kwa karatasi ya kesho, na karatasi ya kesho haitalipwa.

Chakula cha filamu hii ni ceebu jën, wali wa samaki, ambao UNESCO iliuingiza mwaka 2021 katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Samaki hujazwa viungo vilivyotwangwa, hupikwa pamoja na nyanya, kabichi, karoti, bilinganya na muhogo, kisha mchele huivishwa katika mchuzi ule ule. Mapendekezo mengi hukomea hapo. Jambo linalosahauliwa ni kwamba mchele wa ceebu jën kwa desturi ni chenga. Enzi za ukoloni Ufaransa ilitawala Senegal na Indochina pia. Mchele uliovunjika katika vinu vya Indochina ulisafirishwa hadi Dakar, ukazoeleka, ukapendwa. Wapishi wa Senegal walichukua makombo ya biashara ya mtawala wakayafanya chakula cha fahari. Maandishi ya Kifaransa chini ya picha hayasemi hivyo. Chenga sahanini zasema, na mlaji wa Afrika Mashariki aliyezizoea zikiuzwa bei ndogo sokoni ataelewa mara moja, pasipo mhadhara.

Wakati wa kula nao ni sehemu ya maelezo. Kiporo cha Ozu kilikuja baada ya filamu. Sinia ya Sembène ije kabla. Watazamaji wakae chini, kila mmoja ale mbele yake katika sinia moja, kama ilivyo adabu ya Dakar na ya Lamu, washibe, ndipo picha ianze. Watakapomwona Dieng akicheua watajiona wenyewe, na deni litakapodaiwa halitakuwa deni la mtu mwingine peke yake. Sharubati yafaa iwe ya choya, ambayo Wasenegali huiita bissap. Baada ya filamu ifuate ataya, chai ya kijani ya Senegal, ichemshwayo mara tatu kwa mnanaa na sukari, ya kwanza ikiwa kali na ya mwisho tamu. Mazungumzo juu ya Mandabi yahitaji muda wa vikombe vitatu. Muziki, ukitakiwa, uwe wa xalam, kinanda cha nyuzi cha wasimulizi wa Kiwolofu, lakini upigwe wakati wa ataya tu.

Filamu ya tatu ni filamu ya mpunga, na hapo ndipo desturi nzima hupata mtihani wake. Ashani Sanket, yaani Ishara ya Radi ya Mbali, imetoka katika riwaya ya Bibhutibhushan Bandyopadhyay, mwandishi yule yule aliyempa Ray kisa cha Pather Panchali (1955). Ilipata tuzo kuu ya Berlin mwaka 1973, lakini leo hutajwa kwa nadra kuliko filamu za Ray zilizoitangulia. Gangacharan ni Mbrahmani aliyehamia kijiji kisicho na Mbrahmani mwingine. Yeye ndiye mwalimu, tabibu na kuhani, na wanakijiji humlipa kwa nafaka. Mkewe Ananga huoga mtoni na kushangilia ndege za vita zipitazo angani kwa uzuri kama korongo. Vita viko mbali. Kisha bei ya mchele hupanda, hupanda tena, na siku moja mchele haupatikani kwa bei yoyote.

Njaa ya Bengali ya mwaka 1943 haikutokana na shamba kukataa kuzaa. Japani ilikuwa imeiteka Burma mwaka 1942, na mchele wa Burma ukakoma kuja. Serikali ya kikoloni iliondoa mchele na mashua katika wilaya za pwani ili adui asivipate. Kimbunga kilipiga Oktoba 1942. Wafanyabiashara walificha, wenye fedha walinunua, na asiye na kitu akafa. Maandishi ya mwisho ya filamu yasema waliokufa walizidi milioni 5. Wanahistoria wengi hukadiria kati ya milioni 2 na 3. Amartya Sen, katika kitabu chake Poverty and Famines cha mwaka 1981, alionyesha kwamba nafaka haikuwa imepungua kiasi cha kueleza vifo vile. Kilichokosekana kwa maskini ni uwezo wa kuipata. Ray aliliona jambo hili kwa macho ya msanii kabla ya kitabu kile. Ameipiga filamu kwa rangi, na mashamba yake ni ya kijani kibichi. Wahakiki wengine walimlaumu kwa uzuri huo. Lawama hiyo yakosea: kama mandhari yangekuwa makavu, mtazamaji angeilaumu mvua.

Katika filamu hii mpunga, mchele na wali ni ngazi tatu za kushuka. Ananga, mke wa kuhani, akubali kwenda kutwanga mpunga wa watu wengine kwa dhenki, kinu kikanyagwacho kwa mguu, ili alipwe mchele kidogo. Chutki, mwanamke wa kijijini, ajiuza kwa mtu mwenye uso uliochomeka ili apate mchele. Mchele ndio ujira. Wali ndio unaotamaniwa. Mpunga umefungiwa ghalani kwa mtu mwingine. Mfasiri wa Kiingereza hana budi kusema neno lile lile kila mara, na mtazamaji hajui kwamba kati ya kitu kinachotwangwa na kitu kinachoombwa kuna kazi, na kati ya kazi na chungu kuna bei.

Je, nini kiwekwe mezani? Wali kwa samaki wa Kibengali ni chakula kitamu, na wapendekezaji wa kawaida wangekitaja bila kusita. Mizani ya tatu yakikataa. Watu walioshiba samaki hawawezi kuutazama mkono wa Moti, mwanamke wa tabaka lisiloguswa, aliyekufa kwa njaa chini ya mti, bila sahani zao kuwa matusi.

Lipo pendekezo jingine lenye hoja zaidi. Mwaka ule maskini waliomiminika Calcutta hawakuomba wali. Waliomba phan, maji yaliyomwagwa baada ya wali kuchemshwa. Yawezekana kufikiri kwamba kikombe cha maji hayo kingekuwa sherehe kamili: kinaeleza neno ambalo Kiswahili chenyewe hakina jina lake moja, nacho kina uhusiano wa kweli na historia. Lakini pendekezo hili nalo lafaa likataliwe, kwa sababu iliyo nzito. Aliyeomba phan hakuwa na kitu kingine. Anywaye phan kwa saa moja, akijua nyumbani kuna chakula, hafafanui njaa bali anaiigiza. Maelezo ya neno gumu humsaidia msomaji alielewe. Hayadai kwamba msomaji amekuwa mwenye neno.

Kinachobaki ni kidogo, na kwa hiyo chafaa. Watazamaji waje kabla ya saa ya chakula. Mezani liwekwe bakuli moja lenye konzi ya mpunga usiokobolewa, kila mtu auguse. Mpunga hauliwi. Wakwaruza kiganja, na umeficha ndani yake kile ambacho mkono mtupu hauwezi kukitoa bila kinu, mchi na nguvu za mtu aliyekula. Muziki usiwepo, sauti ya dhenki imo ndani ya filamu, na watazamaji waliolelewa karibu na kinu watajua bila kuambiwa maana ya siku ambayo kinu kimenyamaza. Mwishoni Gangacharan, aliyepaswa kwa sheria ya tabaka lake asimguse Moti, aamua kuusitiri mwili wake, na jamaa wengine wenye njaa wakija nyumbani kwake hawafukuzi. Baada ya hapo kila mtu na arudi kwake, ale chakula chake cha kila siku.

Mfuatano wa jioni tatu una maana: kutoka bakuli hadi dukani, kutoka dukani hadi ghalani, mtazamaji arudishwa nyuma kwenye njia ambayo kila punje imeipita. Maneno matatu ya Kiswahili yameifuata njia hiyo bila kutafutwa, na hapa pana jambo la kufikiriwa na wanaolishughulikia Kiswahili. Kazi ya kufasiri filamu kwa lugha hii haijakosa watendaji. Katika vibanda vya video vya Dar es Salaam, na kwa Kiganda huko Kampala, kwa miaka mingi wafasiri wa sauti wamesimama kati ya picha na watu, wakieleza, wakiongeza methali, wakitaja bei za soko la pale pale. Wataalamu wamewabeza kwa kuwa hawafuati maneno. Ni kweli hawafuati, na pengine hupotosha. Lakini walifahamu kwamba filamu ya mbali yahitaji sherehe, wakaitoa kwa njia waliyokuwa nayo.

Wanaojua Kijapani, Kibengali na Kiwolofu ni wachache katika Afrika Mashariki, nao wana deni. Tafsiri ya Kiswahili ya filamu hizi tatu, iliyotoka katika lugha zake zenyewe bila kupitia Kiingereza, si kazi kubwa kupita uwezo. Maneno yaliyo magumu kwa Kiingereza ni mepesi kwa Kiswahili, na yale yaliyo magumu kwa Kiswahili, kama ochazuke na phan, yahitaji kurasa mbili za maelezo tu. Zikionyeshwa hivyo katika kumbi za vyuo, au katika Ngome Kongwe ya Zanzibar wakati wa Tamasha la Nchi za Jahazi, pamoja na kiporo, sinia na konzi ya mpunga, watazamaji watapata zaidi ya burudani ya jioni. Watagundua kwamba maneno waliyofundishwa jikoni yamewafikisha Tokyo, Dakar na Bengali kwa njia fupi kuliko maandishi waliyozoea kuyasoma chini ya picha.

Na atakayeziandaa jioni hizo asisahau mizani ya tatu. Chakula chaweza kueleza mengi ambayo tafsiri imeyaacha. Aliyejifunza hilo katika bakuli la Ozu na sinia ya Sembène atakuwa amejiandaa kuelewa kwa nini, kando ya filamu ya Ray, maelezo yaliyo sahihi kuliko yote ni meza isiyo na kitu cha kuliwa.